Uso wa Lorna Ukutani

Mafundi walipolizungushia Jumba la Mji vyuma vya kupandia, mwezi wa Machi mwaka 2019, watu wa Aldershaw tulilalamika kama kawaida yetu. Wengine walisema kazi imechelewa, wengine imewahi mno, na wote kwa pamoja tukasema hatuioni tena saa ya mnarani. Mtu mmoja tu hakulalamika. Mzee Cyril Oddy, mwashi mstaafu wa miaka themanini na miwili, alihamia kwenye benchi la ng'ambo ya barabara. Alifika hapo saa tatu asubuhi na kuondoka saa sita kamili, mvua inyeshe isinyeshe.

"Mzee Cyril, wamekuajiri tena nini?" alimtania Maggie, mwenye kibanda cha chai kilicho pembeni. "Naona unasimamia kazi kuliko msimamizi mwenyewe."

"Wakiniajiri mimi wataaibika. Umewaona wale vijana? Nyundo wanaishika kama kijiko cha uji."

"Kunywa chai yako, mpenzi wangu, kabla hujatukana mji mzima."

Maggie humwita kila mtu mpenzi wangu, hata askari anayemwandikia faini. Lakini hakujua, wala wengi wetu hatukujua, mzee yule alikuwa anakodolea macho nini. Alikuwa anakitazama kichwa cha saba kutoka kushoto, juu ya dirisha la ofisi ya vizazi, vifo na ndoa. Kwenye uzio wa mafundi palibandikwa tangazo kwamba vichwa vya mawe vilivyooza kupita kiasi vitateremshwa na kuchongwa upya, na Cyril alikuwa amelisoma tangazo hilo mara nne. Hakutaka kile cha saba kiguswe.

Jumba lenyewe lilijengwa mwaka 1867, na tuseme kweli, halikujengwa kwa haja bali kwa wivu. Mji wa ng'ambo ya bonde ulikuwa umejijengea jumba lenye mnara, na wenye viwanda vya sufu wa hapa kwetu hawakulala. Wakaamua wa kwao upite ule kwa futi tano. Mnara ukawa mkubwa hata ukumbi wa madiwani ukabanwa nyuma kama stoo, na mpaka leo diwani mnene akitaka kutoka kikaoni lazima safu nzima isimame. Ila kwa nje waliweza. Mawe ya mchanga ya rangi ya asali, ingawa moshi wa viwanda uliyafanya meusi tangu babu zetu wakiwa watoto, nguzo nne barazani, na chini ya madirisha ya juu matao kumi na mawili, kila tao na kichwa chake cha jiwe.

Vichwa vile vina mila yake. Kikioza kimoja, mwashi anayekichonga upya humtia humo mtu yeyote amtakaye wa mji huu. Haiandikwi popote, na madiwani hujitia hamnazo. Ndiyo maana juu kule kuna muuza nyama mwenye videvu viwili, kuna mwalimu aliyemchapa mwashi fulani akiwa darasa la tatu, na kuna mama mkwe aliyechongwa kinywa wazi, ambaye wajukuu zake wanamjivunia hadi leo. Kichwa cha saba alikichonga Cyril mwaka 1971. Alimtia Lorna, bintiye.

Cyril aliingia kazini akiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu baba yake alikuwa mwashi na hakuna aliyemuuliza anataka kuwa nini. Alijaliwa mkono. Akiwa na miaka ishirini alikuwa akipewa majani na maua ya kuchonga makanisani wakati wenzake bado wanachanganya mchanga. Alimwoa Hilda, msichana wa kiwandani mwenye sauti kubwa na moyo wa subira, na ndoa waliifungia humo humo Jumbani. Walipanda zile ngazi pana zenye vigae vyekundu na vya bluu, Hilda akicheka kwa sababu kiatu chake kimoja kilikuwa kinalia. Mwaka 1961 Cyril alipanda ngazi zile zile kumwandikisha mtoto wao, na katika Februari ya mwaka 1969 akapanda tena, peke yake, kwenda dirisha lile lile na kwa karani yule yule, kuandikisha kwamba mtoto amekufa. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua siku tatu. Alikuwa na miaka saba na nusu.

Baada ya mazishi, jina la Lorna halikutajwa nyumbani. Hakuna aliyelikataza. Cyril aliona akilitaja atamwumiza Hilda, na Hilda alipoona mumewe hasemi, akanyamaza naye. Ndivyo tulivyo watu wa huku. Tunapikiana chai, tunaulizana kama mvua imekatika, na kilicho moyoni kinabaki moyoni. Nyumba ikawa na adabu nyingi mno.

Miaka miwili baadaye Jumba la Mji likafanyiwa matengenezo, na Cyril akapewa kichwa cha saba, kilichokuwa cha askofu asiye na pua. Alikichonga kwa wiki tano. Hakutumia picha, mikono yake ilikuwa bado inamkumbuka mtoto. Siku kilipopandishwa, wenzake walivua kofia, na hakuna aliyefanya mzaha, jambo ambalo kwa waashi wa Aldershaw ni la ajabu. Cyril alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Walipokaa kula akasema, "Hilda, nimemweka Lorna Jumbani. Juu ya dirisha. Mji mzima utamwona, leo na miaka mia ijayo."

Hilda aliweka kijiko chini.

"Umemweka nje?"

"Nimemweka mahali pa heshima."

"Mvua inanyesha, Cyril."

Hilda aliinuka. Aliondoa sahani, akaziosha, akapanda kulala, na tangu siku ile Cyril hakumsikia mkewe akikizungumzia kichwa kile.

Maneno yale yalimkaa Cyril kooni. Kesho yake, walipoanza kujaza zile nafasi kati ya jiwe na jiwe, aliamua kwamba mvua haitamgusa mtoto wake. Miaka ile saruji ilikuwa ndiyo dawa ya kila kitu. Nchi nzima ilikuwa inakwangua chokaa ya zamani kutoka kwenye makanisa na majumba na kujaza saruji, na mafundi walijiona wajanja kuliko waliowatangulia. Mtu mmoja tu alipinga. Alikuwa Amos Sykes, mwashi mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu, na kikohozi chake kilisikika kabla yeye hajaonekana.

"Cyril, acha saruji," alimwambia. "Jiwe linapumulia kwenye viungo. Chokaa ni laini, inakubali kuoza yenyewe ili jiwe lipone. Ukimzibia hivyo, maji yatakosa pa kutokea ila usoni pake."

"Mzee Amos, chokaa yako hiyo alijengea Nuhu safina."

"Cheka tu."

Cyril alicheka kweli. Kisha akachanganya saruji kali kuliko ya ukuta wote, akamzungushia Lorna kwa mkono wake mwenyewe, akaisawazisha kwa kidole gumba ili pasibaki tundu. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa mapenzi kama ile.

Miaka ikaenda. Viwanda vikafungwa, kimoja kikawa maduka, kingine kikaungua. Picha mbili tatu za mtoto zilizokuwa darini ziliharibika bomba lilipopasuka kwa baridi, ikabaki ile ya shule tu, ambamo Lorna alicheka akageuka, uso ukawa ukungu mtupu chini ya kofia ya sufu. Cyril hakuhangaika sana. Yeye alikuwa na lile jiwe. Kila siku akienda kazini alipita chini yake na kusema moyoni, habari za asubuhi, mama. Alipostaafu aliendelea kupita. Aliona pua imepungua, akalaumu moshi. Aliona shavu limechubuka, akalaumu baridi. Macho yake mwenyewe yalikuwa yanafifia pia, kwa hiyo palipokosekana kitu alijaziliza kwa moyo, na kwa miaka mingi hesabu hiyo ilimtosheleza.

Sasa turudi kwenye benchi. Wiki ya pili ya kazi, msimamizi wa mafundi alivuka barabara kuja kununua chai. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Bridget Haigh, mpana wa mabega, vumbi hadi kwenye kope. Maggie alimnong'oneza jambo, naye akaja kuketi kando ya mzee.

"Naambiwa wewe ni wa kazi hii, mzee."

"Miaka hamsini na mmoja."

"Basi wewe ndiye wa kunijibu." Bridget aliunyooshea ukuta kikombe. "Ni mjinga gani alijaza saruji mule? Samahani kwa lugha, lakini nimechoka. Kila ninapoigonga inatoka na kipande cha jiwe. Vichwa karibu vyote vimechubuka. Na kile cha saba sasa! Aliyekizungushia ile saruji sijui alikuwa na ugomvi gani nacho. Vingine vina afadhali. Kile kimeliwa chote. Ningempata leo ningemfungia kwenye koti la plastiki, nimwagie maji shingoni, nione kama atapenda."

Cyril alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akakiweka kwenye benchi.

"Umempata," alisema.

Bridget alicheka. Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka.

"Sikujua, mzee."

"Hata mimi sikujua. Niliambiwa, lakini sikujua." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Aliye pale ni binti yangu. Alifariki. Nilitaka asilowe."

Maggie kule kibandani alijifanya anapanga sukari. Bridget akaivua kofia yake ya plastiki, akamvalisha mzee, akamfungia mkanda kidevuni kama mtoto wa shule.

"Twende ukamwone," alisema. "Wakiniuliza, nitasema wewe ni mkaguzi."

Walipanda kwa kile kisanduku cha chuma kinachovutwa na mota. Cyril hakuwa amekaribia jiwe lile kwa miaka arobaini na minane. Kisanduku kilisimama, Bridget akafungua kilango, na mzee akasogea kwenye mbao, mkono mmoja ukutani, mpaka akawa ana kwa ana na kichwa cha saba.

Hapakuwa na uso. Palikuwa na uvimbe wa jiwe, mviringo na mbovu, wenye mashimo mawili ambayo hata hayakuwa mahali pa macho. Lakini kuuzunguka, saruji ilikuwa nzima kabisa, ya kijivu, ngumu, imechomoza kuliko jiwe lenyewe, na ndani yake alama za kidole gumba chake zilikuwa zinaonekana kana kwamba alizitia jana. Cyril alizitazama zile alama. Halafu akainua mkono, akamgusa binti yake pale palipokuwa shavu, polepole sana. Ganda zima likabanduka, likamwagikia kiganjani mwake kama mchanga mkavu.

Alilia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, juu ya barabara kuu, na wale vijana aliowasema wakazima mashine zao na kugeukia upande mwingine.

"Mimi ndiye niliyemmaliza," alisema. "Si mvua. Ni mimi."

"Sikiliza," Bridget alimwambia alipotulia. "Hiki lazima kishuke, hakuna namna. Lakini nitakichonga kingine. Ofisi ya majengo ya kale inataka ushahidi wa jinsi kilivyokuwa, na picha zao zinaonyesha kidoa tu. Ushahidi ni wewe. Wewe ndiye uliyekichonga na wewe ndiye baba. Nieleze alikuwaje, nami nitamtoa, nitamkalisha kwa chokaa, na atakaa. Nakungoja hadi Ijumaa."

Alimpa ubao wenye karatasi na penseli ya fundi. Mkono wa Cyril haukuwa umesahau kazi. Alichora mviringo wa uso, akachora nywele, akachora nyusi, na Bridget akasogea kutazama, kwa sababu penseli ilikuwa inakwenda vizuri. Kisha ikapunguza mwendo. Cyril aligundua kwamba nywele alizochora ni mistari ya tindo. Macho aliyochora hayakuwa na mboni, kwa kuwa jiwe halina mboni. Alikuwa anamchora aliyemchonga, si aliyemzaa. Alifumba macho, akajaribu kwenda nyuma ya jiwe, kwa mtoto aliyekuwa anapanda magotini pake na kumvuta masharubu. Akayaona magoti. Akayaona masharubu. Mtoto mwenyewe akawa wa mawe.

"Pua yake ilikuwaje?" Bridget aliuliza taratibu.

"Ilikuwa..." alisema Cyril, akautia ubao kwapani.

Alirudi nyumbani kabla ya saa sita, jambo lililomfanya Hilda ageuke kutoka kwenye sinki. Alikuwa anamenya viazi, maana siku hiyo kulikuwa na pai ya nyama. Alimwona mumewe mlangoni na ubao mkononi, vumbi la jiwe kwenye koti, macho mekundu.

"Umeanguka?"

"Hapana." Cyril aliketi mezani bila kuvua koti. "Hilda, kile kichwa kimekwisha. Saruji yangu imekila. Wanakishusha."

Hilda alichukua kiazi kingine. "Pole," alisema, na alimaanisha.

"Yule msimamizi atachonga kingine. Anataka aelezwe uso ulivyokuwa. Nimejaribu kuchora, sikuweza. Nilikuwa nalitazama lile jiwe kila siku, Hilda, kila siku ya Mungu, nikidhani namtazama yeye. Sasa jiwe halipo na mimi sina kitu. Nieleze wewe. Anatungoja hadi Ijumaa."

Kisu cha Hilda kilisimama.

"Kwa ajili ya jiwe, sikuelezi," alisema. "Hapana. Safari hii simtoi nje."

"Hilda..."

"Macho yake yalikuwa na rangi gani?"

Cyril alimtazama mkewe. Vigae vya ngazi za Jumbani vilimpitia akilini, vyekundu na vya bluu, na lile dirisha la karani. Alitafuta. Alitafuta kwa bidii, paji la uso likamtoka jasho, kama mtu aliyeulizwa jina lake mbele ya watu na likamtoka kichwani.

"Ya bluu," alisema.

Hilda aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akaketi karibu naye kiasi kwamba magoti yao yaligusana, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu.

"Ya kahawia, Cyril," alisema. "Kama yako."

Mzee aliinamisha kichwa mezani.

"Miaka hamsini nimekaa na mtoto huyu peke yangu humu ndani," Hilda alisema, na sauti yake kubwa ya kiwandani ilikuwa imepungua ikawa ndogo. "Kila siku ulikuwa unatoka kwenda kumwona mtaani, na mimi nipo hapa, nina kila kitu chake, jinsi alivyokuwa anakohoa, jinsi alivyokuwa anashika kijiko kwa kushoto. Nilikuwa nangoja uniulize. Ungeuliza siku yoyote."

"Niliogopa kukuumiza."

"Najua. Mjinga wewe." Alimshika mkono wenye mchanga. "Niulize sasa. Lakini hiyo penseli iweke mbali."

Cyril aliisukuma penseli hadi mwisho wa meza, nayo ikaanguka chini, hakuna aliyeiokota. Viazi viliachwa kwenye maji. Hilda alianza na nywele, zilivyokuwa zikikataa kitana upande mmoja, akaenda kwenye paji la uso na kovu dogo la tetekuwanga, na kila alipofika mahali alisimama na kuuliza, unakumbuka? Mara nyingi mumewe alitikisa kichwa kwamba hapana. Siku ile hawakumaliza. Wakaendelea kesho yake, na kesho kutwa.

Ijumaa asubuhi Bridget alingoja mpaka chai ya saa nne. Maggie akamwambia benchi halijakaliwa tangu Jumanne. Basi akapandisha jiwe tupu, lililochongwa pembe nne bila uso wa mtu, akalikalisha kwa chokaa laini kama inavyotakiwa, akaendelea na kichwa cha nane. Cyril hakuwepo kuliona. Alikuwa jikoni kwake, Hilda akiwa amefika kwenye masikio, na mzee analia kwa sababu hata masikio hakuyakumbuka.